Ni freni nzuri, si esanse ya bure: ukweli kuhusu vyombo vya umeme kwenye milima ya Kivu

Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka. Anayetoka Kadutu asubuhi anateremka kuelekea ziwani, na jioni anaupanda tena mlima uleule. Anayeacha mji kwenda Kamanyola na uwanda wa Ruzizi anapitia miteremko ya Ngomo, ambako lori likipoteza freni huwa ni kilio kwa familia nyingi. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila habari ya pikipiki ya umeme, ya kinga ya umeme, au ya kile chombo kipya cha gurudumu moja ambacho vijana wanakitazama kwenye simu, inaishia kwenye swali la mlima.

Na kuna jibu moja linalozunguka sana: eti chombo cha umeme kikishuka, kinajijaza chenyewe. Eti katika mji wenye milima kama Bukavu, mtu atakuwa anachaji kwa kuteremka tu, na umeme ukikatwa hatajali.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linadanganya vizuri. Chombo cha umeme kinaweza kurudisha umeme kwenye batri wakati wa kushuka. Lakini anayekinunua kwa mkopo akitegemea mteremko umlipie umeme, atalia. Tena anayekitumia bila kujua namna jambo hilo linavyofanya kazi anaweza kujikuta hana freni katikati ya mlima. Wamotari na wabeba mizigo wana haki ya kuambiwa mambo hayo mawili kabla ya kutoa pesa.

Dinamo ya kinga inajua siri yote

Watu wazima wanaikumbuka dinamo ya kinga, ile chupa ndogo iliyobanwa kando ya tairi ili kuwasha taa usiku. Ukiibana kwenye tairi, taa inawaka, lakini pedali zinakuwa nzito mara moja. Ukiiachia, kinga inakuwa nyepesi na taa inazimika. Uzito ule wa pedali ndio bei ya mwanga. Hakuna aliyewahi kupata mwanga huku pedali zikibaki nyepesi.

Mota ya umeme ni ndugu wa dinamo hiyo. Ukiipa umeme, inazungusha gurudumu. Gurudumu likizungushwa na mteremko, mota inageuka kuwa dinamo, inatoa umeme, na papo hapo inalishika gurudumu lisikimbie. Kushikwa huko ndiko freni, na umeme unaotoka unarudi kwenye batri. Katika pikipiki ya esanse, freni inageuza mwendo wote kuwa joto: pedi inasuguana na chuma, chuma kinaungua, na nguvu inapotelea hewani. Katika chombo cha umeme kilichotengenezwa vizuri, sehemu ya nguvu hiyo inaokolewa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona maji ya Ruzizi yanashuka kila siku na kuwasha taa za Bukavu tangu miaka ya 1950, na hakuna anayeyapandisha? Anayapandisha jua. Jua linayakausha maji, mawingu yanayabeba, mvua inayarudisha milimani, bila mtu kulipa. Mmotari hana jua la kumpandisha. Ili ashuke Kadutu, lazima kwanza apande Kadutu, na kupanda huko kunalipwa na batri yake. Mteremko unamrudishia sehemu ya deni alilokwisha kulipa.

Hesabu ndogo isiyohitaji injinia

Tuchukue kile chombo cha gurudumu moja, maana hicho kinaonyesha jambo hili wazi kuliko vingine. Mwendeshaji anasimama juu yake, mguu mmoja kila upande. Akiinama mbele kinakwenda, akiegemea nyuma kinapunguza mwendo. Hakina kebo ya freni wala pedi. Mota iliyomo ndani ya gurudumu ndiyo inayosukuma, ndiyo inayoshika, na ndiyo inayomsaidia mtu asianguke. Kila mara kinaposhika, kinatuma umeme kwenye batri.

Tuseme mtu ana kilo 70 na chombo chake kilo 30, jumla kilo 100, na mlima una urefu wa mita 300 kutoka chini hadi juu. Nguvu ya kuunyanyua uzito huo mita 300 ni kama wati-saa 82. Lakini mota na nyaya zinapata moto na kupoteza kiasi, na tairi nalo linasuguana na barabara, kwa hiyo batri italazimika kutoa wati-saa 100 na zaidi ili kumfikisha juu. Akishuka, zile 82 hazirudi zote. Upepo unachukua chake, tairi inachukua chake, mota inachukua chake. Zikiingia kwenye batri 50 au 60, ni kazi nzuri.

Basi ametoa zaidi ya 100, amerudishiwa kama 50. Kwa chombo kama hicho kinachokula karibu wati-saa 20 kwa kila kilomita ya tambarare, zile 50 zitampeleka kilomita mbili na nusu hivi. Ni kitu, tena kizuri kuliko kupoteza zote kwenye joto la freni. Lakini hakuna namna ya kuzungusha hesabu hiyo mpaka mtu apande na kushuka siku nzima na batri ibaki imejaa.

Wapo watakaosema wamemwona mtu kwenye video akishuka mlima mrefu na namba ya batri ikipanda kutoka 60 hadi 70. Inawezekana kabisa. Swali la kumuuliza ni moja: alifikaje juu? Kama alipanda kwa batri yake, video haikuonyesha mwanzo wa hadithi. Kama alibebwa na lori, basi lori ndilo lililomlipia umeme kwa mazuti yake.

Pasipo freni, hapana umeme

Kuna kanuni moja ambayo kila mmotari anaweza kuishika kichwani: umeme unaorudi ni ule tu ambao freni ingeupoteza. Mteremko mpole, ambao chombo kinautelezea bila mtu kugusa freni, haurudishi kitu. Nguvu yote imetumika kulishinda tairi na upepo. Mteremko mkali, ambao mtu anashika freni toka juu mpaka chini, ndio wenye cha kurudisha.

Barabara mbovu nayo inakula. Kwenye mashimo, matope na mawe, sehemu kubwa ya nguvu ya kushuka inamezwa na mitetemo na tairi kabla mota haijaipata. Mahesabu ya kiwandani yalifanywa kwenye lami laini. Mtu wa Kivu ayasome akijua hivyo.

Tena si kila chombo cha umeme kinaweza kazi hii. Kuna kinga nyingi za umeme ambazo gurudumu lake likishuka linazunguka huru huku mota imetulia, kama vile mnyororo wa kinga ya kawaida unavyotulia mtu akiacha kupiga pedali. Hizo hazirudishi hata chembe, hata mtu ashuke kutoka mbinguni. Kuna pikipiki ambazo mota yake inaweza, lakini kiwanda hakikuwasha uwezo huo. Jina "umeme" peke yake halitoshi. Muuzaji asiyeweza kusema chombo chake ni cha aina gani hajui anachouza, au anajua na hataki kusema.

Hatari ya batri iliyojaa

Hadi hapa habari ilikuwa ya pesa. Sasa ni habari ya maisha.

Batri ni kama jerikani. Ikijaa, haipokei tena. Seli ya lithiamu ya aina inayotumiwa katika vyombo vingi vya gurudumu moja ikifika volti 4.2 imejaa, na kuilazimisha ipokee zaidi ni kuiharibu, pengine kuiwasha moto. Kwa hiyo viwanda vinaweka ulinzi: batri ikijaa, umeme wa kushuka unakataliwa.

Lakini kama umeme hauna pa kwenda, freni ya mota inapungua au inakatika. Pikipiki yenye freni za kawaida mbele na nyuma itamfanya mwendeshaji ashtuke tu na kubana freni za mkono. Chombo cha gurudumu moja hakina freni nyingine. Batri ikiwa imejaa mwanzoni mwa mteremko, kinaanza kulia, kinainua sehemu ya kukanyaga ili kumlazimisha mtu apunguze, na akiendelea kushuka kinaweza kukata kabisa. Mtu anaanguka akiwa kwenye mwendo. Ndiyo maana wanaovijua vyombo hivyo, wakiwa wanaishi juu ya mlima, hawavijazi mpaka mwisho. Wanaacha nafasi, asilimia 10 au 20, ili mteremko upate mahali pa kuweka umeme wake.

Hapo ndipo shauri hilo zuri linapogongana na maisha ya hapa. Katika mitaa ambako delestaji ni jambo la kila wiki, nani ataacha batri kwenye asilimia 80? Umeme ukirudi usiku wa manane, watu wanaamka kuchomeka kila kitu na kujaza mpaka pomoni, maana hawajui utarudi lini tena. Kisha asubuhi mtu wa Kadutu anatoka nyumbani, batri imejaa asilimia 100, na kitu cha kwanza mbele ya gurudumu lake ni mteremko. Ni saa ileile ambayo freni ya mota ina uwezo mdogo kuliko saa zote za siku. Maelezo ya kiwandani, mara nyingi kwa Kichina au Kiingereza, hayatamwambia jambo hilo kwa lugha anayoielewa.

Kuna pia wale waliozoea kuzima injini ya esanse kwenye mteremko ili kupunguza matumizi, wakishuka kimya kwa uzito wa pikipiki. Tabia hiyo ni mbaya hata kwa esanse, kwa sababu injini inayozunguka husaidia kushika mwendo. Kwa umeme ni mbaya zaidi: ukizima chombo, umezima pia freni ya mota, na zile wati-saa chache ulizotaka kuokoa ndizo umezitupa.

Mahali ambapo mteremko unalipa kweli

Baada ya kusema hayo yote, ni lazima kusema pia kwamba upo mteremko unaolipa. Siri yake ni uzito: kushuka na mzigo, kupanda mtupu.

Nchini Uswisi, karibu na mji wa Biel, kuna lori kubwa la machimbo aina ya Komatsu lililogeuzwa kuwa la umeme, lenye batri ya kilowati-saa 600. Linabeba mawe ya kutengenezea saruji, tani 65 kwa safari, kutoka machimbo ya juu hadi kiwanda kilicho chini. Likishuka limejaa, uzito wake wote unapita tani 100, na freni yake inaingiza umeme mwingi kwenye batri. Likipanda, ni tupu. Kwa hiyo safari ya kushuka inaweza kulipa safari ya kupanda. Huko kaskazini mwa Ulaya, treni zinazobeba chuma kutoka Kiruna nchini Sweden hadi bandari ya Narvik nchini Norway hufanya vivyo hivyo: zinashuka baharini zimejaa, na umeme wa freni zao unasaidia kupandisha treni tupu.

Hakuna muujiza hapo. Aliyenyanyua mzigo huo ni dunia yenyewe, ilipoyainua mawe yale kuwa mlima, na mchimbaji anachukua malipo ya kuyashusha.

Sasa atazame mtu chukudu za Goma. Tangu miaka mingi, vijana wanashuka kutoka Kibumba na viazi, kabichi na karoti juu ya mbao hizo za magurudumu mawili, mamia ya kilo kwa safari moja, kisha wanarudi juu wakisukuma chukudu tupu. Goma imeiwekea chukudu sanamu katikati ya mji, na inastahili. Atazame pia makala, ndizi na mboga zinazoshuka kutoka Kabare kuingia Bukavu. Atazame hata ng'ambo, wale wa Burundi wanaoshuka na kinga zilizosheheni ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura, kisha wanapanda wakining'inia nyuma ya malori, jambo ambalo limewaua wengi. Uchumi huu wote ni wa kushuka mzito na kupanda mwepesi. Mkulima amelima juu, mlaji yuko chini.

Hesabu yake ni tofauti kabisa na ya abiria. Tuseme pikipiki ya umeme ya magurudumu matatu, pamoja na dereva na batri, ina kilo 300, na imebeba kilo 500 za viazi kwenye mteremko mkali wa mita 300. Kushuka kwake kuna nguvu ya wati-saa kama 650. Ikiokoa nusu tu, ni zaidi ya 320. Kupanda tupu, kilo 300 zilezile, kutaihitaji kama 350. Yaani mteremko umelipa karibu safari yote ya kurudi. Hapo neno "inajijaza" linakaribia kuwa kweli, kwa sababu jembe la mkulima liliviweka viazi juu kabla pikipiki haijafika.

Kwa hiyo kama kuna mtu, chama cha wakulima au tajiri wa hapa anayetaka kuleta vyombo vya umeme Kivu, aanze na mizigo inayoshuka. Biashara ya abiria, ambao kila mmoja anashuka asubuhi na kupanda jioni kwa uzito uleule, haitapata faida hiyo ya mlima. Inaweza kupata faida nyingine, kwa sababu umeme kwa kilomita mara nyingi unagharimu kidogo kuliko esanse. Kigali imelichukua jambo hilo kwa uzito, na pikipiki za kubadilishiwa batri zinabeba abiria kwenye vilima vyake. Lakini zinategemea vituo vya batri. Hata huko, kwenye mji wa vilima kama huu, hakuna aliyefunga kituo kwa sababu miteremko inatosha.

Mambo ya kudai

Wauzaji waambiwe waache kuuza mteremko kama esanse. Wauze freni. Freni ya mota inapunguza kuungua kwa pedi, inamsaidia mtu kushuka polepole bila mkono kuchoka, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuitaka katika nchi ya milima. Anayebadilisha pedi kila mara kwa sababu ya miteremko ya Bukavu ataona faida hiyo mfukoni kabla ya kuona wati-saa yoyote.

Mashirika ya wamotari yafundishe wanachama wao maswali matatu ya kuuliza kabla ya kununua. Je, mota inarudisha umeme au gurudumu linazunguka huru? Je, batri ikijaa, freni ya mota inafanya nini? Je, kuna freni nyingine ya kawaida, mbele na nyuma, inayoweza kusimamisha chombo kikiwa na mzigo hata umeme ukikatika kabisa? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, chombo hicho si cha kubebea watu kwenye milima hii, hata kikiuzwa bei ya chini namna gani. Chombo cha gurudumu moja kibaki mchezo wa mtu mmoja mwenye kofia na vilinda magoti, kwenye tambarare kwanza.

Wanaopanga vituo vya kuchaji waviweke chini ya milima, karibu na masoko na ziwa, kuliko juu. Anayejaza chini anaanza kwa kupanda, batri inapata nafasi, na akigeuka kushuka freni yake iko tayari. Anayejaza juu anaanza safari na jerikani lililojaa. Kubadilisha mahali pa kituo hakugharimu zaidi ya kufikiri mapema.

Na serikali, yoyote inayoshika kalamu ya vibali, ilazimishe maelezo ya vyombo hivi yaandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na batri nyingi za lithiamu zimebeba kobalti hiyo. Ni aibu kwamba madini yanatoka hapa yakiwa yamepimwa kwa gramu, na batri inarudi hapa bila hata karatasi inayomwambia mama wa Kadutu kwa nini mwanawe asishuke mlima akiwa amejaza asilimia 100.